Negativu ya Kumi na Mbili

Watu wa Mtaa wa Sikukuu wenye chunusi walimjua Kuruthumu binti Haruna kabla hawajamjua mwenye studio. Mwenye studio alikuwa Chandu, na jina lililoandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu lilikuwa la binti yake, Zalak. Lakini bibi harusi aliyeamka na kijipu shavuni siku ya kupigwa picha hakumwulizia Chandu wala Zalak. Aliuliza, "Yule mama wa juu yupo leo?" Akiambiwa yupo, alikaa mbele ya kamera akatabasamu kwa raha zake.

Mama wa juu alikuwepo siku zote. Kwa miaka ishirini na nne alitembea kwa miguu kutoka Ilala, akapanda ngazi za mbao nyuma ya studio saa mbili kamili, akafungua dirisha, akakaa kwenye meza yake iliyoinama. Katikati ya meza palikuwa na kioo cha ukungu, na chini yake Mzee Shaibu, fundi aliyemtangulia, alikuwa amelaza kioo cha kujitazamia. Mwanga wa jua uliingia dirishani, ukagonga kioo cha chini, ukapanda juu na kupenya negativu iliyolazwa mezani. Umeme ukatike usikatike, Kuruthumu alikuwa na taa yake. Kilichomuudhi ni mawingu.

Kazi yenyewe ilikuwa kusafisha picha. Wengi walidhani inafanyika kwenye karatasi, na Kuruthumu hakujisumbua kuwasahihisha. Ilifanyika kwenye negativu, ile filamu yenye picha ya kinyume, ambapo penye weusi patatoka peupe na penye uwazi patatoka peusi. Kitundu cheupe kwenye negativu unakijaza kwa penseli iliyochongwa ncha ndefu, nyembamba, mpaka kipotee. Kinundu cheusi hakisikii penseli. Dawa yake ni kisu, unakikwangua polepole mpaka kilingane na jirani zake. Penseli ikikosea, unachovya pamba kwenye tapentaini na kufuta. Kisu kikikosea, imekula kwako, na kwa mwenye picha pia.

"Penseli kwanza, kisu mwisho," Mzee Shaibu alimwambia mwaka wa 1963, siku ya kwanza, hata kabla ya kumwonyesha pa kukaa. "Na usitie kisu kwenye negativu ya mtu ambaye hujaiona sura yake." Kuruthumu alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yake Haruna alikuwa anashona kanzu kwenye baraza ya studio, na ndiye aliyemwombea kazi, kwa sababu binti huyu aliweza kuiona sindano iliyoanguka kwenye mkeka wakati wanaume watatu wameinama wanapapasa.

Kwa kweli alikuwa na jicho, ila jicho lake halikujua kupumzika. Kovu, baka, upele, mkunjo wa shati, vumbi la Kariakoo linaloingia hata ndani ya kamera iliyofungwa, vyote kwake vilikuwa uchafu. Mwaka mmoja alimsafisha binti yake mwenyewe, Husna, picha ya pasipoti, akamwondolea na kile kidoa cha juu ya mdomo alichozaliwa nacho. Husna akarudishwa kwenye dirisha la ofisi ya pasipoti, akaambiwa alete picha yake, si ya dada yake. Alirudi nyumbani amevimba. "Mama, hiki si uchafu! Ni mimi!" Kuruthumu alicheka hadi machozi, akachapisha nyingine, na wiki iliyofuata akaendelea kuwafuta watu vidoa vyao vilevile. Hakujifunza kitu, naye angekuwa wa kwanza kukubali.

Zamani palikuwa na utaratibu wa kumlinda. Kila negativu iliyoingia ilichapishwa kwanza kipande kidogo cha majaribio, mteja akaonyeshwa, akasema hiki toa, hiki acha. Ikaja miaka ya uhaba. Karatasi ya kuchapia picha ikawa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe watu walikuwa wanaiota. Chandu akaifungia kabatini, funguo akaivaa shingoni, ndani ya fulana. Majaribio yakaisha. Negativu ikawa inapanda moja kwa moja kwa Kuruthumu, inashuka imesafishwa, inaingia chumba cha giza. Hakuna aliyemwambia mteja, maana hakuna mteja aliyewahi kulalamika kuonekana mzuri.

Mwaka wa 1987 ruksa ya kuagiza bidhaa ilikuwa imeshaingia Kariakoo. Maduka yaliyokuwa yanauza kiberiti na uvumilivu sasa yalikuwa na redio kaseti, mashati ya mitumba, vigae, sabuni za kunukia. Karatasi ya picha ilipatikana hata kwa wauza peremende. Chandu bado alikuwa na funguo shingoni. Na alikuwa ameanza kuzungumzia mashine ya picha za rangi, inayosafisha filamu na kutoa picha papo hapo bila kupitia juu kwa mtu yeyote. "Tutaona, Mama Husna," alisema kila Kuruthumu alipomwuliza yeye atafanya nini siku hiyo. Neno hilo alikuwa anapanda nalo ngazi kila asubuhi.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, Chandu akiwa ametoka, msichana mmoja aliacha bahasha kwa Ranjanben, mke wa Chandu, aliyekaa kaunta. Ranjanben aliandika juu ya bahasha kama alivyoandika bahasha zote: kumi na mbili, kubwa, Alhamisi. Akaipandisha juu.

Kuruthumu alizitoa, negativu za ukubwa wa kiganja, zimepigwa namba moja hadi kumi na mbili. Akaweka ya kwanza mezani. Haikuwa na mtu, haikuwa na nyumba wala mti. Kijivu kitupu kutoka pembe hadi pembe, kimejaa vitundu vyeupe na vinundu vyeusi, vingine vidogo kama punje ya chumvi, vingine vimejipanga kama vinazunguka bakuli.

"Terazo," alisema Kuruthumu. "Sakafu ya vijiwe."

Si kosa lake. Msimu ule wafanyabiashara walikuwa wanapiga picha kila kilichoshuka bandarini, makufuli, vitenge, masinki ya vyoo, wapate kuwaonyesha wanunuzi wa mikoani. Wiki iliyopita tu alikuwa amesafisha picha kumi na nne za mabomba. Kwa hiyo aliona sakafu, na aliona sakafu chafu. "Mtu gani anapiga picha kabla ya kupiga deki?" alijiuliza, akachonga penseli.

Alifanya kazi Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Vitundu vyeupe tu, kama alivyofundishwa. Vinundu vyeusi aliviacha vingoje kisu. Na kadiri alivyoendelea ndivyo hasira ilivyompanda, kwa sababu uchafu ule haukuwa na adabu. Vumbi la kawaida likiwa kwenye kamera linakaa palepale picha zote. Likiwa kwenye filamu, kila picha ina lake. Hili lilikuwa linarudi, lakini si palepale. Kitundu alichokijaza kwenye namba mbili alikikuta kwenye namba tatu, kimesogea kidogo. Kwenye namba nne kimesogea tena.

"Vumbi gani hili linalotembea?" alimwuliza Ranjanben aliyempandishia chai.

"La Kariakoo hilo," alisema Ranjanben. "Linatafuta biashara."

Wawili katikati ya picha walimchokoza zaidi, kitundu cheupe kimoja na kinundu cheusi kimoja, wakubwa kuliko wenzao. Kwenye namba moja walikuwa mbalimbali. Namba tatu wamesogeleana, namba sita karibu zaidi. Kuruthumu, aliyewasafisha maharusi maisha yake yote, akawaita maharusi, mweupe bibi, mweusi bwana. Bibi alimjaza penseli kila alipomkuta. Bwana akamwekea ahadi. "Wewe ngoja Alhamisi," alimwambia.

Jumatano jioni mawingu yakaja, akamalizia namba kumi na moja na kumi na mbili haraka haraka, akijaza kila kitundu alichokiona bila kuwasalimia.

Alhamisi asubuhi alichukua kisu. Hakikuwa kikubwa, kipande cha chuma chenye mpini wa mbao aliourithi kwa Mzee Shaibu, lakini alipokishika mkono ulisita. Sura ya mwenye picha hajaiona. Akajipa jibu ambalo mtu yeyote mwenye haraka angejipa, kwamba sakafu haina sura, na Alhamisi ndiyo leo. Negativu zilikuwa zimerundikwa kama alivyoziacha, ya mwisho juu. Akaweka namba kumi na mbili mezani, akainamisha kisu pale katikati.

Hapo mtaani pakalipuka. Lori lilikuwa linapita kuelekea Jangwani limejaa mashabiki waliokesha wanashangilia ushindi wa jana, ngoma, matarumbeta, mtu mmoja kwenye paa la dereva anapeperusha shuka ya kijani. Kuruthumu, ambaye marehemu mumewe alikuwa shabiki wa kufa wa timu hiyohiyo, aliinuka na kisu mkononi akachungulia, akacheka, akawapungia. Lori lilipokata kona akarudi kukaa.

Bwana harusi hakuwepo.

Akatazama vizuri. Pale katikati pa namba kumi na mbili palikuwa kijivu kitupu, laini, kimelingana. Kumbe mkono ulishafanya kazi kabla macho hayajaenda dirishani. Miaka ishirini na nne, mkono unaweza kukwangua wenyewe huku mwenyewe anawaza ugali. Ndivyo alivyojiambia, na wala hakushangaa sana.

Ngazi zikalia. Msichana mwembamba mwenye miwani alitokeza kichwa, nyuma yake Ranjanben anamwambia huku juu wateja hawaruhusiwi.

"Shikamoo mama," alisema msichana. "Samahani. Mimi ndiye mwenye zile negativu kumi na mbili. Naitwa Benedikta, nafundisha fizikia Chuo Kikuu. Nimewahi kidogo, nikauliza zimefika wapi, nikaambiwa ziko huku kusafishwa. Nikasema, kusafishwa nini?"

"Marahaba mwanangu. Karibu. Uchafu wake ulikuwa mwingi, lakini karibu namaliza."

Benedikta aliitazama meza. Aliitazama penseli, akakitazama kisu. Akaiokota namba moja, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, na uso wake ukabadilika. Hakupiga kelele, na Kuruthumu alikuja kusema baadaye kwamba afadhali angepiga.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Huu uchafu ndio picha."

Ranjanben alimwita mumewe, na Chandu akapanda mbio, funguo inamchezea kifuani. Wakasimama wanne kwenye chumba cha watu wawili. Benedikta alieleza akiwa ameshikilia kiti. Zile zilikuwa picha za jua, alisema. Si jua la kuonekana kwa macho, ila sumaku zake, zilizopigwa kwenye kituo cha kutazamia jua huko ng'ambo alikosoma, kila baada ya dakika ishirini. Alikuwa amepewa nakala hiyo moja tu, na barua ya kuomba nyingine ingekwenda na kurudi kwa miezi. Jumatatu walikuwa wanakuja walimu wawili kutoka nje kumsahihishia kazi ya miaka minne, na kazi yote ilisimama juu ya madoa yale: yanazaliwa wapi, yanakwenda wapi, yanaishia vipi.

"Umeyafuta," alisema. "Yale yote meupe, umeyafuta."

"Kuruthumu," alisema Chandu, "umefanya nini?"

Alikuwa anamwita Mama Husna tangu Husna azaliwe. Kuruthumu alilisikia jina lake likitua. Akafikiria barua, miezi, walimu wawili wanashuka uwanja wa ndege kuja kutazama kijivu. Picha za watu alikuwa ameziharibu mara mbili tatu maishani, lakini kazi ya mtu hakuwahi.

"Nimefanya nilichofanya miaka yote, Chandubhai," alisema. "Ila hii ya penseli inafutika. Ranjanben, niletee pamba. Ile ya hospitali, si ya mito."

Alichovya pamba kwenye tapentaini, akaikamua mpaka ikabaki na unyevu tu, akaipitisha juu ya namba moja bila kuibonyeza. Pamba ikatoka na kijivu cha penseli. Akaibadilisha, akapitisha tena. Vitundu vikaanza kurudi, kimoja, vitano, kundi zima. Akakausha kwa ngozi laini, akamkabidhi Benedikta lensi ya kukuzia. Msichana aliinama kwa muda mrefu. Alipoinuka, miwani ilikuwa na ukungu.

"Vimerudi, mama. Vyote vimerudi."

Chandu aliguna, akashuka kumhudumia mtu wa kaunta, lakini hakufunga mlango. Ranjanben akakaa kwenye ngazi ya juu, anachana pamba.

Wengine wangeshukuru Mungu hapo. Kuruthumu alishukuru kwa mdomo tu, kwa sababu kulikuwa na namba kumi na mbili na kulikuwa na kisu. Penseli amesema. Kisu hajasema. Hakuna aliyeuliza. Sauti moja ikamwambia ngoja kwanza, huenda asione, doa moja kati ya mamia. Na mashine ya rangi inakuja, na Chandu yuko hapo chini masikio wazi. Akaendelea na namba mbili.

Benedikta, kwa kutulia sasa, alianza kuzungumza. Alisema jua lina miaka ya fujo na miaka ya utulivu. Miaka ya fujo linatoka madoa makubwa meusi. Miaka ya utulivu watu wanasema limelala, uso safi, hakuna cha kutazama. "Ndiyo hii hapa," alisema. "Hapa limelala. Tazama lilivyojaa."

"Haya ni makubwa kiasi gani?" aliuliza Kuruthumu, ncha ya kidole karibu na punje moja.

"Hilo dogo? Ukiiweka Tanzania ndani yake itazama, nafasi itabaki."

Ranjanben akasema kitu kwa Kigujarati, cha mshangao.

Nyeupe ni ncha moja ya sumaku, Benedikta alieleza, nyeusi ni ncha ya pili. Zinachomoza mbili mbili kutoka chini, zinaachana, zinasukumwa pembeni na uso wa jua unaochemka kama uji, ndiyo maana zinajipanga kama kingo za bakuli. Huko zinakutana na nyingine. Za aina moja zikikutana zinaungana. Na juu ya uso wa jua kuna anga lake, jembamba, ambalo kwa maajabu lina moto kuliko uso wenyewe, na hakuna anayejua vizuri moto huo unatoka wapi. Wako wanaosema unatokana na sumaku hizi ndogo, hasa pale nyeupe na nyeusi zinapokutana.

"Zikikutana inakuwaje?"

"Ndicho ninachokitafuta. Inasemekana zinafutana. Ila kuonyesha kwa picha zangu mwenyewe, hatua kwa hatua, bado. Nilizitazama harakaharaka kule kabla ya kufunga safari, madoa ni mengi, nikachanganyikiwa. Nilitaka picha kubwa niyafuate moja moja."

Kuruthumu alikuwa kwenye namba tano. Pamba ilipopita katikati, bibi harusi akarudi mahali pake, karibu na bwana.

"Hawa nawajua," alisema kabla hajajizuia. "Kwenye ya kwanza walikuwa hapa na hapa. Wanasogeleana. Mimi nilidhani ni vumbi lina wazimu."

Benedikta alimtazama. Akarudi kwenye namba moja, akaweka lensi, akaja namba tatu, akaja tano. "Subiri. Umewafuata?"

"Nimewajaza penseli siku tatu, mwanangu. Nitaachaje kuwafuata?"

Kuanzia hapo msichana hakukaa tena. Kila negativu iliyokauka aliinyakua, anatafuta wale wawili. Namba nane, karibu kugusana. Namba kumi, wanagusana. "Ya mwisho itasema," alikuwa anasema. "Ya kumi na mbili itasema."

Na kila aliposema, Kuruthumu alikikumbuka kisu. Kati ya mamia ya madoa, kisu chake kilikuwa kimemchagua yuleyule. Kwenye namba kumi na moja aliwakuta wamesinyaa, wote wawili hawafiki ncha ya pini, lakini kwa hofu aliyokuwa nayo hakujiuliza hilo lina maana gani. Akaikausha, akaiweka chini. Akaiacha pamba.

"Benedikta mwanangu. Sikukwambia. Hii ya kumi na mbili niliitia kisu asubuhi, kabla hujaja. Yule mweusi wa katikati. Nimemkwangua. Na cha kisu hakirudi."

Ranjanben akaacha kuchana pamba. Benedikta aliishusha lensi polepole.

"Ndiyo ya mwisho," alisema. "Ndiyo inayosema iliishaje. Nikiwaambia hawapo, wataniuliza ni jua limewafuta au ni mtu."

"Najua. Waambie ni mtu. Nitakuja Jumatatu niseme mwenyewe." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta, kwa sababu vidole vilikuwa na tapentaini. "Nilifundishwa. Penseli kwanza, kisu mwisho, na usimtie kisu mtu ambaye hujaiona sura yake. Nikajifanya hodari."

Mikono isiyokuwa na la kufanya inarudi kwenye kazi inayoijua, na mikono ya Kuruthumu ikaiokota namba kumi na mbili, angalau vile vya penseli virudi. Kabla ya kupitisha pamba aliiinamisha kwenye mwanga wa dirisha aone jeraha lina ukubwa gani. Ndivyo fundi anavyokagua kisu chake: filamu ambayo haijaguswa inang'aa, mahali palipokwanguliwa panakuwa butu, hapang'ai, hata ungekuwa fundi wa mafundi.

Ilikuwa inang'aa.

Akaigeuza kidogo. Iling'aa kutoka pembe hadi pembe. Katikati hapakuwa na mchubuko hata wa unywele. Akavua miwani yake ya kazi, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akatazama tena. Akakichukua kisu akakitazama ncha. Mtu akikwangua, unga mweusi unabaki kwenye ncha. Kilikuwa kisafi, vilevile alivyokifuta wiki iliyopita.

"Sijamkwangua," alisema.

"Nini?"

"Sijamkwangua! Kisu hakijagusa! Nilikwenda dirishani na lori la Jangwani, niliporudi hayupo, nikadhani ni mimi. Kumbe hakuwepo tangu mwanzo!"

Benedikta alikuwa ameshafika mezani. "Na mweupe wake? Huyo ulimjaza penseli?"

Kuruthumu alichovya pamba mpya, akaipitisha katikati peke yake. Wote watatu waliitazama pamba. Ilitoka nyeupe. Hapakuwa na penseli pale, kwa sababu hapakuwa na kitundu cha kujaza. Jumatano jioni, na mawingu yale, alikuwa amepita pale bila kuweka kitu na hakujua kwamba amepita patupu.

Benedikta alipanga tatu za mwisho juu ya kioo, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Wanagusana. Wamesinyaa. Hawapo. Na pande zote za mahali pale wenzao wapo palepale, wanaendelea na shughuli zao.

"Wamefutana," alisema. Akarudia kwa sauti kubwa, "Mama, wamefutana wenyewe!" Akamkumbatia Kuruthumu na tapentaini yake yote, miwani ikagongana na miwani. Kuruthumu akacheka kwa sauti ambayo Ranjanben alisema hajawahi kuisikia kwake tangu harusi ya Husna. Akakaa chini, akaomba chai, akasema iwe na sukari nyingi.

Chandu alipanda. Alisimama mlangoni anatazama zile pamba chafu zilizotapakaa, na wanawake watatu wanaocheka kama wamepagawa. "Mama Husna," alisema hatimaye, "nichapishe au nisichapishe?"

"Chapisha majaribio kwanza, Chandubhai. Madogo. Mwenyewe ayaone. Na kuanzia leo kila mteja ayaone."

Chandu alifungua mdomo kuzungumzia karatasi. Kisha akaingiza mkono ndani ya fulana, akavua funguo shingoni, akaipitisha juu ya kichwa kwa shida kidogo, kwa sababu kamba ilikuwa ya zamani na kichwa kilikuwa kimekua. Akashuka nayo kabatini.

Kuruthumu alikirudisha kisu kwenye kopo lake, ncha chini. Chai ikaja. Benedikta hakugusa yake. Alikuwa amechukua karatasi na kalamu, na lensi imebanwa jichoni.

"Mama, hawa maharusi walikuwa peke yao? Au kuna wengine ulioona wanasogeleana?"

"Wengine?" Kuruthumu aliweka kikombe chini. Siku tatu zote zilimrudia, kitundu kwa kitundu, kila aliyemkera na kila aliyehama. "Wako wanne. Wawili kwenye kona ya juu, wanaanzia ya tatu. Na kuna mmoja mjanja huku pembeni, alikuwa mmoja, akawa wawili. Sogeza kiti."

Jua lilikuwa limehama dirishani. Akainama, akakigeuza kioo cha chini mpaka mwanga ukarudi mezani, akaanza kumwonyesha.